Dirisha Lililofunguka kwa Babu wa Pampu

Mwanamke ninayesimulia habari zake hapa ni mwoga, na sisemi hivyo kumsengenya, maana mwenyewe anakiri. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa lifti, tena anaogopa hata ngazi za ofisi yetu kwa sababu kidato kimoja kinacheza. Kila asubuhi akifika juu hushika kifua na kusema "afadhali". Nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka tisa katika ofisi ya maji, yeye akitunza kompyuta, mimi nikichora ramani za mabomba, na sijawahi kumwona akiondoka jioni bila kurudi mlangoni mara mbili kujaribu kitasa. Tukambandika jina la Hakikisha. Mbele yake tulimwita Dada, lakini alijua.

Woga wake una historia. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na tisa, akaachiwa mdogo wake wa miaka minne. Alimlea peke yake kwenye chumba kimoja. Aliwahi kuniambia kwamba katika mwaka ule wa kwanza alikuwa akiamka mara tatu kila usiku kumwekea mtoto kiganja puani, kuona kama anapumua. Mtoto huyo sasa ni pande la mtu, ana ndevu na mchumba, na bado dada yake humpigia simu mchana kumuuliza kama amekula. Humwita Kitinda, na ofisi nzima ikafuata. Yeye ndiye aliyemwombea kazi kwetu, kwenye kikosi cha kusafisha matangi ya maji. Siku barua ya ajira ilipotoka alifurahi kwa dakika kama tano, kisha akaja mezani kwangu kuniuliza matangi yale yana kina gani.

Nilimwambia mita sita. Laiti ningemwambia mbili.

Bosi wetu si mtu mbaya, ila alikuwa anamkwepa. Ukimwambia Hakikisha jambo, atakuuliza ni saa ngapi, kasema nani, limeandikwa wapi, na kama likibadilika yeye atajuaje. Bosi hakuwa na kifua cha maswali hayo, kwa hiyo akanigeuza mimi kuwa mjumbe. Akiwa na la kumwambia Hakikisha ananiambia mimi, nami namfikishia. Ulikuwa utaratibu wa kijinga na sote tuliujua, lakini ulituchekesha, basi tukauacha uendelee.

Jumanne jioni, tukiwa tunafunga, bosi alinikamata kwenye ngazi.

"Usafi wa tangi la pili umesogezwa," akasema. "Si Alhamisi tena, ni kesho. Kikosi nimeshakiambia. Mwambie mwenzako aweke alama kwenye programu yake."

"Nimwambie sasa hivi? Bado yuko juu."

"Wee! Ukimwambia sasa hivi tutakesha hapa. Mwambie asubuhi."

Tukacheka. Nilipofika chini nikaandika kwenye kipande cha karatasi: Tangi 2, kesho. Asubuhi nikakiweka mezani kwangu, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi nikakikandamiza kwa kikombe cha chai kisipeperuke. Kisha nikainamia ramani, nikasahau. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema mapema ili usije ukadhani mimi nilikuwa mtazamaji tu.

Sasa uelewe hiyo alama. Kituo cha pampu kiko mtoni, mbali na mji. Pale kuna pampu ndogo inayofanya kazi tangu alfajiri, na pampu kubwa inayoamka yenyewe saa nne kamili asubuhi na kusukuma maji mpaka tangi la pili, kule mlimani. Siku ya usafi, Hakikisha huweka alama ili ile kubwa isiamke. Asipoweka, maji yanakuja kama kawaida, kwenye bomba ambalo mtu mzima anaweza kupita ndani yake kwa magoti. Na wasafishaji huanzia pale pale penye mdomo wa bomba, kwa sababu ndipo tope linapojaa. Ngazi ya kutokea ni moja, tena iko upande wa pili. Valvu ya mkono ya kufungia maji iliyokuwa mlimani ililiwa na kutu tangu mwaka juzi. Kwenye ramani zangu ina duara jekundu na neno "mbovu", mwandiko wangu mwenyewe.

Jumatano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, niliinua kikombe kwenda kukisuuza.

"Una karatasi chini ya kikombe," Hakikisha akaniambia, akitabasamu. "Imeganda."

Niliibandua. Nikaisoma.

"Dada," nikasema. "Kuna jambo bosi alisema jana."

"Jambo gani?"

"Tangi la pili. Usafi ni leo."

Akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. Nilitegemea apige kelele, na nilitamani apige kelele. Badala yake akasema kwa sauti ndogo sana, "Kitinda amepanda gari la kikosi saa mbili. Nilidhani ni tangi la kwanza. Nimemuuliza kama amevaa viatu virefu. Amenicheka."

Alishika simu. Simu ya Kitinda iliita mpaka ikakata. Ya kiongozi wa kikosi vilevile, ya dereva wao vilevile. Tulijua zitaita tu. Simu moja iliwahi kutumbukia kwenye maji wanayokunywa watu, na tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba simu zote zinaachwa kwenye gari, chini ya mlima, na kwa upungufu wa watu tulionao hata kiongozi na dereva huingia ndani na mafagio. Simu ya bosi ilikuwa imezimwa kwa sababu ya mkutano.

Nilishuka zile ngazi mbilimbili, na kile kidato kinachocheza nikakiruka. Nikamkuta dereva wa pikipiki ya ofisi anafuta vioo vya pikipiki yake.

"Nenda tangi la pili, watoe watu wote ndani!"

"Kuna nini?"

"Maji yanakuja saa nne!"

Hakuuliza la pili. Lakini mpaka mlimani ni mwendo wa dakika hamsini kwa barabara kavu, na nilipotazama saa yangu zilikuwa zimebaki thelathini na sita. Nilifanya hesabu hiyo nikiwa nimesimama uani.

Nilipopanda tena, Hakikisha alikuwa anampigia Babu wa Pampu. Huyu ni mwendesha pampu wetu, mzee aliyekula chumvi nyingi, anayekaa peke yake kule mtoni. Angebonyeza kitufe chekundu kilichoko ukutani tu, kila kitu kingezimika. Lakini pampu ndogo ilikuwa inaunguruma, na Babu hufanya kazi akiwa amejiziba masikio kwa vile vikombe vikubwa vya kuzuia kelele. Simu iliita, ikaita, ikaita.

"Endelea kumpigia wewe," akanisukumia simu. "Mimi naingia."

Kule kwenye pampu kuna kompyuta kuukuu inayotumia mfumo wa Linux, na ndani yake programu moja ya kuongozea kisanduku cha pampu, kile kinachoiwasha na kuizima. Programu hiyo huwezi kuiamrisha kwa maandishi. Ina dirisha lenye picha za matangi na vitufe, basi, na aliyeitengeneza alishapotea zamani. Kawaida Hakikisha huingia humo akiwa mezani kwake, kwa njia ya SSH, ambayo alishanieleza kuwa ni bomba la siri kati ya kompyuta mbili. Akishaingia hulifungua dirisha lile kule mtoni, nalo hupita kwenye bomba na kujichora kwenye kioo chake hapa. Hujichora polepole, kipande kwa kipande, kwa kuwa mtandao wa kule unasuasua. Ndipo anapoweka alama.

Nikasimama nyuma ya kiti chake, simu sikioni. Alisubiri kuingia kwa dakika nne nzima. Ikaja mistari mingi, ikapita haraka.

"Niko ndani," akasema. Akaandika jina la programu, akabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Kioo kilibaki cheusi, na kishale cha kuandikia kikatoweka. Tukangoja. Baada ya nusu dakika kishale kikarudi pale pale, kinapepesa, kinangoja amri nyingine kana kwamba tumemaliza.

"Imekataa?" nikauliza.

"Haijakataa. Ingekataa ingesema." Akaandika tena. Kishale kikatoweka, kikarudi. Akaandika tena. Vilevile. "Haisemi kosa. Haisemi chochote!"

"Labda imeharibika."

"Nyamaza, tafadhali."

Nilitazama mikono yake ili nione inavyotetemeka, nikaona haitetemeki. Yangu ndiyo iliyokuwa inagonga simu kwenye hereni yake kila nilipoinama. Mwanamke huyu alikuwa ameogopa kila siku ya maisha yake na siku zote akaenda kazini hivyohivyo. Mimi sikuwa na mazoezi hayo.

Saa tatu na dakika thelathini na nane. Alihakiki upande wake: programu ya hapa inayopokea madirisha ilikuwa hai. Akaangalia kama kompyuta ya mtoni inaruhusu madirisha kusafirishwa, akakuta inaruhusu. Kila alichokijaribu alikigusa kwa kidole kwenye kioo na kutamka "hiki sawa", na mimi kila "sawa" moja ilinitia hofu zaidi, kwa sababu ilimaanisha hatujui ugonjwa uko wapi.

"Izime kompyuta yote ya kule," nikamwambia.

"Haisaidii. Ratiba iko kwenye kisanduku cha pampu. Kompyuta ni ya kukiambia tu. Nikiizima, saa nne pampu itaamka vilevile na sitakuwa hata na njia."

Akafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa kama wazimu. Aliacha programu ya pampu, akafungua kiprogramu kidogo kinachochora uso wa saa. Watu wa kazi yake hukitumia kupimia kama njia ya madirisha inapitisha.

"Saa ya nini sasa? Saa si ile pale ukutani!"

Akabonyeza. Kishale kikatoweka. Hakuna saa iliyotokea kwenye kioo chetu. Sekunde zikapita, kama ishirini hivi, kisha kishale kikarudi.

Hapo akaacha kuandika.

"Saa haijifungi yenyewe," akasema.

"Nini?"

"Hiki kiprogramu hakifi. Ukikifungua kinakaa mpaka mtu akifunge." Akanigeukia, macho yamemtoka. "Kuna mtu anakifunga."

Nitakuambia ukweli, niliogopa kwa namna ya kitoto. Nilidhani kuna mtu mbaya ameingia humo ndani anatuchezea wakati watu wanakwenda kufa. Nikatazama hata nyuma yangu. Lakini yeye alikuwa ameshainamia kibodi. Aliiuliza kompyuta ya mtoni swali moja, thamani ya kitu kiitwacho DISPLAY, ambacho ndicho kinachoiambia programu ichore dirisha lake kwenye kioo kipi. Kama njia ya kuja kwetu ingekuwa sawa, jibu lingekuwa na kumi ndani yake. Likaja sifuri.

"Sifuri ni kioo cha kule kule," akasema. "Madirisha yote yanafunguka kwa Babu."

"Nani kafanya hivyo?"

"Mimi."

Wiki iliyotangulia Babu alilalamika kwamba programu haifunguki kwake. Hakikisha akaenda mtoni na gari la vifaa, akaongeza mstari mmoja kwenye faili linalosomwa kila mtu anapoingia: kioo ni sifuri. Kwa Babu ikawa nafuu. Lakini kwetu yeye na Babu wanatumia jina moja la kuingilia, "pampu", kwa sababu ofisi haijawahi kuona faida ya kuwa na majina mawili. Mstari uliowekwa kwa ajili ya mzee ukawa unasomwa na dada pia, na kila dirisha aliloliita lilifungukia mtoni. Mtu anayejaribu kitasa mara mbili hakulijaribu hilo hata mara moja aliporudi ofisini. Alirudi amechelewa siku ile, Kitinda alikuwa na homa.

Na yule Babu akawa anayafunga. Alikuwa anaiogopa ile kompyuta, na Hakikisha mwenyewe ndiye aliyemwambia: "Babu, kidirisha chochote usichokiita kikikutokea, gusa msalaba pale juu kitaondoka. Usihangaike kukisoma." Mzee alikuwa anatii.

"Basi rudisha hiyo kumi!" nikasema.

Alikuwa ameshairudisha. Kompyuta ikajibu kwamba haina kibali cha kuleta dirisha kwetu. Diski ya kule ilikuwa imejaa pomoni, na kibali ambacho huandikwa kila mtu anapoingia kilikosa pa kuandikwa. Ilikuwa imesema hivyo kwenye ile mistari iliyopita haraka mwanzoni, na hatukuiona. Dawa yake si ngumu: ufute mafaili, utoke, uingie upya. Kuingia ni dakika nne. Dirisha la pampu kujichora kwetu ni dakika sita au saba. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi.

Hakikisha alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inasema jina la mdogo wake, lile la kweli. Mimi niliwaona akilini watu sita chini kabisa ya tangi, wameinama na mafagio, wakitaniana.

"Kama yanafunguka kwa Babu," akasema akiwa bado amefumba, "basi naweza kumwandikia."

Akafumbua. Kulikuwa na kiprogramu kingine, cha kutoa tangazo: unakipa maneno, nacho hufungua kidirisha chenye maneno hayo na kitufe. Akarudisha ile sifuri, yeye mwenyewe, kwa hiari, akaandika: ZIMA PAMPU. WATU WAMO TANGINI. Akabonyeza.

Kishale kikatoweka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kikarudi.

"Amefunga," nikasema. "Amefunga bila kusoma!"

"Nimemfundisha mimi," akasema, na hapo ndipo sauti ilipompasuka. "Nimemwambia mimi asisome."

Lakini vidole havikusimama. Aliandika upya, safari hii akaweka na amri kwamba kidirisha kikifungwa kijirudie, tena na tena, mpaka kibonyezwe kitufe chenyewe. Akaongeza ukubwa wa herufi. Na maneno akayabadilisha. Nilikuwa nimesimama pale, niliyaona: BABU, NI MIMI BINTI WA KOMPYUTA. USIFUNGE, SOMA. BONYEZA KITUFE CHEKUNDU CHA UKUTANI SASA HIVI. KITINDA YUMO NDANI YA TANGI. Na chini yake kitufe kimoja tu: NIMEZIMA.

Kila kilipofungwa kule, mstari mmoja uliongezeka kwenye kioo chetu. Mmoja. Wa pili. Wa tatu ukaja haraka, wa nne haraka zaidi. Mzee alikuwa anapambana nacho kama mtu anayefukuza nzi. Wa tano. Saa nne kasoro dakika sita. Wa sita. Wa saba.

Kisha hakuna.

Ikapita dakika moja bila mstari, ikapita ya pili. Ama alikuwa anasoma, ama amechoka na kero akatoka nje, ama amechomoa waya. Babu husoma kwa miwani, na miwani huiacha popote. Nilimwona kwenye mawazo yangu akijipapasa mifukoni. Nilitaka kupiga kelele ndani ya kile kioo. Hakikisha alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili na kunong'ona, "Soma, Babu. Soma, baba yangu. Soma."

Saa nne kasoro dakika tatu.

Kasoro mbili.

Neno likatokea kwenye kioo cheusi, peke yake, kwa herufi nyeupe: NIMEZIMA.

Nilipiga ukelele. Nilimkumbatia nikamkuta mgumu kama mti.

"Bado," akasema. "Huenda kabonyeza ili kiondoke tu."

Sikuwa nimefikiria hilo, na furaha yote ikanitoka. Akanyang'anya simu mkononi mwangu, akampigia Babu. Sote wawili tulijua maana yake. Ikiwa pampu inanguruma, mzee hatasikia. Ikiwa imenyamaza, atasikia. Simu iliita mara moja. Iliita mara mbili. Mshale mrefu wa saa ya ukutani ulikuwa unakaribia kusimama wima juu, na mimi nikaupa mgongo kwa sababu sikuweza kuutazama. Iliita mara ya tatu.

"Haloo?" Alikuwa anapiga kelele, kama wafanyavyo watu waliotoka kwenye kelele. "Nani huyo anaandika kwenye kioo changu?"

Nyuma ya sauti yake hapakuwa na mngurumo wowote. Palikuwa na ndege.

"Babu," Hakikisha akasema, "umezima?"

"Nimezima, mwanangu, si umesema nizime? Kitufe cha ukuta, na swichi kuu nayo nimeishusha. Kitinda anafanya nini tangini wakati mimi napeleka maji? Mna wazimu nyinyi?"

Hakikisha aliweka simu mezani ikiwa bado inasema, akaenda kwenye kona penye makabati ya ramani, akachuchumaa, akalia kwa sauti. Saa ilikuwa nne kamili na sekunde thelathini. Mimi nikaichukua simu na kumwomba Babu asiguse chochote mpaka atakapoambiwa, naye akaniuliza mimi ni nani. Nilimwambia mchora ramani, nikaona aibu hata ya hilo.

Dereva wa pikipiki alifika mlimani saa nne na dakika kumi na moja. Kitinda alipiga simu kutoka kwenye gari la kikosi, amekasirika.

"Dada, mnatutoa tangini mbio mbio kama kuna moto, hatujamaliza hata robo! Kuna nini?"

"Umekula?" akamuuliza.

"Saa nne hii? Dada, unalia?"

"Njoo ofisini," akasema. "Usipite popote."

Alikuja saa sita. Bosi naye alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha wageni, funguo za gari mkononi. Tulisikia viatu vya Kitinda vikipanda ngazi, tukasikia kile kidato kikicheza. Aliingia akiwa ananuka tope na dawa ya maji, akachungulia nyuso zetu, akacheka ule ucheko wa mtu asiyejua acheke nini.

Dada yake alipiga magoti mbele yake sakafuni, mbele yetu sote. Akagusa viatu vyake virefu, kisha suruali juu ya viatu, mguu mmoja, halafu wa pili, mpaka magotini na juu ya magoti, akipapasa kwa viganja vyote viwili. Tope lilikuwa limeishia kwenye kifundo cha mguu. Juu ya hapo palikuwa pakavu.

"Dada, inuka bwana, unanitia aibu. Unatafuta nini?"

"Nahakikisha," akasema.

Hakuna aliyecheka, ingawa kwa miaka tisa tungeanguka chini kwa neno hilo. Kitinda akamshika mabega akamwinua, akatutazama mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Jamani," akasema. "Nini kimetokea?"

Bosi alitazama funguo zake. Hakikisha akajifuta mikono, akaja mpaka mezani kwangu, akachukua kile kipande cha karatasi chenye duara la kikombe, akanitia mkononi.

"Mwambie wewe," akasema. "Kila kitu. Usimpunguzie."

Yule kijana akanigeukia akangoja, tope limemkaukia mashavuni. Nikamwambia, nikianzia kwenye ngazi, pale mimi na bosi tulipocheka.